Nimeanza na karabai bovu, sasa nina baiskeli ya Phoenix. Nipokee mashine ya boti au nitulie?

Mwana wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa kwanza mjomba wangu wa Igombe alinipa karabai bovu. Kioo hakuna, pampu imekufa. Alikuwa analitupa, maana vijana wake wa dagaa siku hizi wote wanavulia taa za sola. Nikamkumbuka yule Mzungu aliyeanza na kibanio cha karatasi akabadilishana mpaka akapata nyumba. Nikasema mimi nina karabai, yeye alikuwa na waya uliokunjwa, pa kuanzia nimemzidi.

Mambo yakaenda hivi, na sikuongeza hata shilingi juu. Karabai alilichukua jamaa mwenye baa huku Kirumba, Mwanza, kalitundika ukutani kama pambo, akanipa viti vinne vya plastiki (kimoja mguu umepasuka). Viti vikaenda kwa mama ntilie wa mwaloni (pale boti zinaposhusha samaki), akanipa ndoo mbili za dagaa wakavu. Dagaa nikapanda nao mpaka kwa shangazi, vijijini huko Magu, nikarudi na jogoo na mitetea minne. Kuku nikawatoa kwa mbuzi jike. Mbuzi nikamtoa kwa Phoenix nyeusi, si mpya ila haina kasoro, ina keria na dainamo.

Sasa kuna mtu kwenye kambi ya wavuvi upande wa Sengerema anaitaka baiskeli kwa udi na uvumba. Anatoa mashine ya boti, farasi 15. Haiwaki. Anasema ni kabureta tu.

Naomba ushauri, nipokee? Halafu kuna la pili linanisumbua zaidi. Hii thamani inatoka wapi? Kila niliyebadilishana naye aliondoka anacheka. Karabai la kutupwa linakuwaje baiskeli bila mtu yeyote kuumia?

Ndezi wa Magu

Aliyeumia yupo. Ni mbuzi.

Gati la Kamanga

Weka picha ya baiskeli kwanza, ndiyo tuongee.

Halafu yule Mmarekani wa kibanio msimdanganyie watu. Ilimchukua miaka kama kumi na alikuwa na hela zake pembeni. Hadithi za mtandaoni zile.

Chenji Kamili

Gati, hapo umepotea njia mara mbili. Si Mmarekani, ni Mkanada, anaitwa Kyle MacDonald. Hakutumia miaka kumi, alianza Julai 2005 na Julai 2006 akawa na nyumba katika mji mdogo wa Kipling, jimbo la Saskatchewan. Mabadilishano 14 tu. Na kitu cha kwanza alichopata kwa kile kibanio chekundu ni kalamu yenye umbo la samaki, kwa hiyo mleta uzi ana undugu naye kabisa.

Kalamu ikawa kitasa cha mlango, kitasa kikawa jiko la kambi, jiko likawa jenereta. Mpaka hapo ni vitu ambavyo hata soko la mitumba la Mlango Mmoja ungevipata. Baada ya hapo mambo yakaongezeka mwendo: pikipiki ya kwenye theluji, safari, lori, mkataba wa studio, kodi ya nyumba mwaka mzima huko Phoenix.

Sasa sikilizeni hapa. Kuna mahali alipata nafasi ya kukaa mchana mmoja na mwanamuziki Alice Cooper (ni mwanaume, msichanganyikiwe na jina). Akaitoa hiyo nafasi kwa tufe la kioo lenye theluji ya bandia ndani na nembo ya bendi ya KISS. Watu wakamcheka, wakaona kachizika. Kumbe alishajua kwamba mwigizaji Corbin Bernsen anakusanya matufe hayo kama watu wengine wanavyokusanya ng'ombe. Bernsen akalichukua, akatoa nafasi ya kuigiza kwenye filamu. Mji wa Kipling ukaitaka ile nafasi, ukatoa nyumba.

Maelezo yangu ni haya basi: thamani haiko kwenye kitu, iko kwenye kichaa cha mtu. Mwenye baa wako ana kichaa cha mapambo. Kwako karabai ni takataka, kwake ni ukuta kupendeza.

Ndezi wa Magu

Kwa hiyo Mkanada alipata kodi ya Phoenix na huyu wa Kirumba kapata baiskeli ya Phoenix. Wamelingana. Bado nyumba.

Gati la Kamanga

Chenji, nimekubali, asante. Ila Mmarekani yupo, nilichanganya mafaili. Ni yule dada Demi Skipper, alianza na kibanio cha nywele mwaka 2020, mabadilishano 28, akamalizia na nyumba Tennessee mwishoni mwa 2021.

Na hao wote wawili wana jambo moja ambalo mleta uzi hana: dunia nzima ilikuwa inawatazama. Mtu akimpa Mkanada jenereta anatangazwa. Hata ule mji wa Kipling, nani kati yetu aliwahi kuusikia kabla ya hapo? Walinunua jina kwa nyumba moja. Hiyo si biashara ya mali kwa mali, ni tangazo limevaa kanzu.

Mama Furu

Mnakwenda Kanada na dagaa wako hapa miguuni.

Mwanangu Mwana wa Mwaloni, mimi nauza dagaa Kirumba tangu hujazaliwa pengine. Nikuulize: mama ntilie alikupa zile ndoo mbili wiki gani? Kama ilikuwa giza, boti zimetoka, dagaa wamejaa, na mvua inanyesha hakuna pa kuanika, basi hakukupa mali. Alikupa mzigo uondoke kabla haujanuka. Kama ilikuwa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, boti zimelala, hapo ndipo angekuwa amekupa mali, na naapa asingekupa kwa viti vinne kimoja kiguru.

Thamani inatoka njiani. Ndoo ileile ikiwa mwaloni ni ndoo tu. Ikifika Magu ndani ndani, ambako mtu hajaonja dagaa mwezi mzima na kuku wanamzurura uani, inakuwa kitu kingine. Mimi nimepeleka sabuni na sukari visiwani nikarudi na dagaa miaka na miaka. Hakuna uchawi. Kuna ziwa katikati.

Na hili la kutoongeza hata shilingi. Nauli ya Magu alilipa nani?

Mwana wa Mwaloni

Mama, shikamoo. Ilikuwa ni giza, na ndiyo, mvua zilikuwepo. Dagaa wengine walikuwa wa mchanga mchanga, siwezi kubisha.

Nauli nilipewa lifti na dereva wa fuso tunayefahamiana. Nilimshushia na kumpakilia.

Chenji Kamili

Kwa hiyo ulibeba magunia. Hesabu inaanza kupumua sasa.

Kulala kwa shangazi siku ngapi? Chakula cha nani? Karabai ulimpelekea mwenye baa hivyo hivyo na kutu?

Mwana wa Mwaloni

Karabai nililisugua siku mbili kwa mchanga na majivu mpaka shaba ikang'aa. Kile kiti nilikitia waya. Kwa shangazi nilikaa siku nne, nikamsaidia kupalilia mpunga.

Sasa mkisema hivyo naonekana nimefanya kibarua miezi mitano nikalipwa baiskeli.

Ndezi wa Magu

Na mbuzi wa watu.

Mzee Kandili

Mwangaluka vijana.

Nimesoma yote. Mnashangaa jambo ambalo babu zenu walilifanya bila kupiga picha. Kabla ya sarafu za Mjerumani, jembe la chuma lilikuwa ndiyo fedha ya sehemu hizi. Wahunzi Warongo wa upande wa Uzinza na Geita walifua majembe, yakaingia Usukuma yakabadilishwa kwa mbuzi na ng'ombe, na mahari ilihesabiwa kwa majembe pia. Jembe lilipendwa kwa sababu halifi, haliumwi, na usipolibadilisha unakwenda nalo shambani.

Hapo ndipo penye tofauti na kuku wa mleta uzi. Ngazi ya Msukuma tangu zamani ni hiyo hiyo aliyopanda: kuku wanakuwa mbuzi, mbuzi wanakuwa mtamba. Lakini mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukipita kiangazi unabaki na manyoya. Nimefundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, na mwaka mmoja nilikuwa na kuku ishirini na sita, nimeshaongea na mtu wa mbuzi, tumekubaliana Jumapili. Ijumaa wakaanza kusinzia. Jumapili nilikwenda kwa mtu wa mbuzi na salamu tu.

Kwa hiyo kijana, sehemu ya thamani yako ni kwamba kuku wako hawakufa kati ya Magu na pale ulipompata mbuzi. Wangekufa, usingeufungua uzi huu. Wale ambao kuku wao walikufa hawaandiki.

MtuWaNansio

Mzee umenikumbusha mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki. Marehemu baba alikuwa anachinja sangara kambini, mabondo tunawatupia kunguru au anayetaka anabeba. Kulikuwa na jamaa mmoja kutoka mjini anakuja na mikate, anawapa watoto mikate, anaondoka na ndoo ya mabondo. Sisi tunaona huyu mtu mjinga, anakula matumbo ya samaki. Tunamcheka kabisa, tunamkimbilia akitokea.

Leo bondo moja kubwa lililokaushwa ni hela ya maana, linakwenda China, na mchinjaji ukilificha mfukoni unafukuzwa kazi.

Kwa hiyo Chenji anasema kichaa, Mama Furu anasema njia. Mimi nasema ni habari. Anayejua bei ya mbele anamla asiyejua. Na asiyejua ndiye anayecheka zaidi.

Fundi Pampu

Mmeacha swali la kwanza la kijana mnakula falsafa. Mimi natengeneza mashine za boti, acheni niseme.

"Ni kabureta tu" ndiyo wimbo wa kila mwenye mashine iliyokufa. Kabureta mtu anaisafisha mwenyewe na petroli na mswaki. Mashine ya 15 ambayo mwenyewe kakubali kuitoa kwa baiskeli, jiulize mara mbili. Ukifika vuta kamba polepole. Ikivutika laini kama unavuta uzi wa kiatu, pistoni au ringi zimekwisha, achana nayo. Fungua plagi utazame rangi. Muulize kama iliwahi kuzama. Atasema hapana. Tazama skrubu kwa ndani, kutu haijui kusema uongo.

Lakini kabla ya yote hayo, tafuta namba yake pale kwenye mabano ya kushikia boti. Imekwanguliwa? Geuka urudi. Mashine zinaibiwa sana ziwani, watu wamepigwa na kutoswa kwa ajili ya mashine. Mwambie mwende wote kwa uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo huo, muandikishane. Akianza kujikuna kichwa umeshapata jibu.

Na akikuongezea nyavu kama nyongeza, kagua. Ukipokea kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, umebadilishana na kesi.

Gati la Kamanga

Fundi katisha. Nimeinakili hiyo.

Dada Mihama

Nimekuwa nasoma kimya kimya. Kaka, ulisema kila mtu aliondoka anacheka. Nataka nikwambie kuhusu huo mcheko.

Mwaka juzi mwanangu alichaguliwa bweni. Nilikuwa na friji, nauza juisi na barafu. Zikabaki siku tatu, hela hakuna, mnunuzi wa friji hakuna. Jirani akaja na wazo: nimpe friji anipe gunia tatu za mahindi, na godoro jipya la mtoto la kwenda nalo. Mahindi nikayauza mawili siku hiyohiyo kwa bei ya kutupa, mtoto akaenda. Tulipomaliza kupakia friji kwenye mkokoteni nilicheka, nikamwambia asante sana jirani umenisaidia. Na kweli alinisaidia. Lakini lile friji lilikuwa linanilisha.

Sijasema umemdhulumu mtu. Nasema usipime kwa kicheko. Mwenye siku tatu na mwenye miezi mitano hawabadilishani sawa. Yule wa baiskeli, kwa nini alitaka mbuzi? Ulimuuliza?

Mama Furu

Dada umesema. Na kuna kubadilishana kwingine huku mialoni ambako wanawake tunakujua, samaki kwanza anapewa nani na kwa nini. Wenzetu wa upande wa Kenya wana jina lake kabisa, jaboya, mwanamke kutoa mwili apate samaki. Huko nako watu huonekana wanacheka. Nisiharibu uzi wa kijana, ila mkisema mali kwa mali mkumbuke si kila mmoja anakuja na karabai.

Mwana wa Mwaloni

Nimesoma mara mbili. Dada Mihama, pole, na asante.

Wa baiskeli ni mzee mmoja wa Kisesa. Alisema magoti hayamruhusu tena, na anataka maziwa ya mjukuu. Sikuuliza zaidi.

Sasa kuna jambo nilikuwa nalificha, Ndezi atafurahi. Juzi kanipigia simu kunishukuru. Mbuzi kazaa. Mapacha.

Ndezi wa Magu

NILISEMA. Nilisema kuanzia ukurasa wa kwanza kwamba kuna mbuzi kwenye hii kesi.

Umemtoa mbuzi mwenye mimba ya mapacha kwa baiskeli! Wewe mtoto wa mwaloni, mbuzi hujui kumpapasa tumbo? Mzee magoti mabovu, macho mazima.

Chenji Kamili

Hapo MtuWaNansio kapata ushindi. Habari. Mzee alijua, kijana hakujua.

Mzee Kandili

Au hakujua. Mimba changa hata mfugaji humponyoka. Msimpe mzee wa Kisesa ujanja asiokuwa nao kwa sababu tu magoti yanamuuma. Mimi pia yananiuma.

MtuWaNansio

Mzee, wewe unamtetea kwa sababu ya magoti.

Gati la Kamanga

Tukirudi kwenye njia ya Mama Furu. Mimi naona siku zake zinahesabika. Zamani mzigo wa Sengerema na Geita unasubiri kivuko Kigongo mpaka unachoka, na kila saa ya foleni inaingia kwenye bei. Sasa kuna daraja la kilomita tano, gari linapita bila kusimama. Tofauti ya bei huku na huku itakufa, na wabadilishanaji watakufa nayo.

Fundi Pampu

Kilomita 3, si tano. Lilifunguliwa Juni 2025, nimepita juu yake na mashine nne za wateja.

Mama Furu

Daraja haliendi kisiwani Ukara, baba. Wala haliendi kambini. Na mwezi ukiwa mkubwa daraja halivui dagaa.

Gati la Kamanga

Leo nimerekebishwa mara nne, nakwenda kulala.

Mwana wa Mwaloni

Mrejesho wakuu.

Jana nimekwenda Sengerema, baiskeli nikaipakia juu ya basi. Mashine nimeiona. Kamba inavutika vizuri, ina ukinzani, plagi nyeusi lakini kavu. Moyo ukanidunda. Nikatafuta namba kama Fundi alivyosema. Pale kwenye mabano pamepakwa rangi ya bluu, rangi ya boti, imenona kuliko sehemu nyingine zote. Nikakwaruza kidogo kwa funguo, hakuna namba, kuna mikwaruzo tu.

Nikasema twende BMU. Akasema mwenyekiti kasafiri. Nikasema basi katibu. Akaniuliza mimi ni polisi? Nikapanda baiskeli yangu.

Mwambieni Dada Mihama kwamba mwenye mashine hakucheka hata kidogo.

Dada Mihama

Nipo, nimeona. Afadhali umerudi na baiskeli.

Ndezi wa Magu

Umepakia baiskeli kwenye basi kwenda na kurudi. Nauli nayo ni shilingi sifuri?

Mwana wa Mwaloni

Kwenda nililipa. Kurudi nimeendesha mpaka Busisi, nikavuka darajani kwa kanyagio. Upepo wa ziwa ulitaka kunirudisha Geita. Lakini sawa Ndezi, andika, shilingi si sifuri tena.

Fundi Pampu

Kijana, mimi sina mashine ya kukupa, za humu ndani zote ni za watu. Ila nina mizani ya kuning'iniza, ya kilo mia, aliniachia mteja badala ya ufundi. Mimi sipimi kitu, na mwanangu anatembea kwa miguu kwenda sekondari. Unaonaje?

Mama Furu

Mwanangu, mizani chukua. Mwenye mizani mwaloni hafi njaa. Ila muulize ina muhuri wa Wakala wa Vipimo?

Fundi Pampu

Upo, wa mwaka juzi. Itabidi aipeleke ikapimwe upya, sitamficha.

Chenji Kamili

Na gharama ya kuipima nani analipa? Nauliza kwa ajili ya daftari la Ndezi.

Mwana wa Mwaloni

Fundi, njoo nayo Jumamosi asubuhi pale geti la mwaloni. Nitaleta baiskeli. Ila dainamo naitoa, nimeipenda.

Fundi Pampu

Mtoto anatoka shule saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia. Bila dainamo sitaki.